Sura ya 6: Kulala Wasini

Julai ikiingia Makongeni, jua hupotea. Wingu hutanda juu ya Thika tangu alfajiri, manyunyu yasiyolowesha wala kukatika huangukia mabati, na watu wanaongoja matatu kando ya Barabara ya Garissa hujikunyata ndani ya majaketi ya mitumba. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 12, na magorofa yetu, yaliyobanana kiasi kwamba unaweza kulifunga dirisha la jirani ukiwa kwako, hukaa na baridi mchana kutwa. Ndipo katika kundi la WhatsApp la chama mtu huandika kwamba mwaka huu twende pwani. Mwekahazina hutaja kiasi cha kutuma kwa M-Pesa kila mwezi, na shule zinapofungwa Agosti, basi dogo limekwisha kukodiwa.

Mzungu naye huja pwani Agosti kwa sababu kwao ni kiangazi na ofisi zimefungwa. Mtu wa Makongeni huja kwa sababu ya watoto na baridi. Hukutana Diani, na wote wawili huwa wamepishana na ile bahari waliyoiona kwenye picha.

Bahari ya kwenye picha ni ya kaskazi. Upepo huo huvuma tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, na katika miezi hiyo mawimbi hulala na maji huwa maangavu hata ukiwa juu ya mashua unamwona samaki chini. Kusi huingia na mvua za masika, Aprili, na hushika nguvu kati ya Juni na Agosti. Bahari huchafuka, mwani hurundikana ufukweni, na mvuvi mwenye mtumbwi hukaa siku kadhaa bila kuvuka mwamba. Kati ya pepo hizo mbili kuna majuma ya utulivu, maleleji, ambapo upepo haujaamua uelekee wapi. Biashara yote ya Waswahili wa kale ilifuata kalenda hiyo: majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Mwekahazina wetu hufuata kalenda ya Wizara ya Elimu.

Sisemi Agosti mtu asiende. Nasema akienda Agosti achague kisiwa kwa akili, na akiwa na uhuru wa kuchagua mwezi, achague Oktoba. Tutafika huko.

Lamu ina sura yake mbele. Mwenye siku nne tu asiiguse, maana nyingi atazila njiani. Kwa mtu wa Thika mwenye wikendi ndefu na mfuko wa kawaida, kisiwa ni Wasini. Kiko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, mkabala na Shimoni, Kaunti ya Kwale. Urefu wake ni kama kilomita 5. Hakina gari wala mto, na kutoka gati la Shimoni boti ya mashine hukufikisha kwa kama robo saa.

Kufika Shimoni ndiyo kazi. Treni ya Madaraka Express ilizinduliwa 31 Mei 2017, na Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Hata hivyo, kinachomtatiza mtu wa Makongeni ni namna ya kuifikia hiyo treni. Stesheni iko Syokimau, ng'ambo ya Nairobi, na kwa treni ya asubuhi inakupasa kutoka Thika kungali giza, kwa sababu kabla ya kupanda, mizigo hupangwa chini kwa mstari ikanuswa na mbwa wa polisi, kisha ikapitishwa kwenye mashine, kisha zamu yako. Kwa safari fupi mimi hupendelea treni ya usiku. Kulala hulali sana. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, na magoti yako hugombania nafasi na ya mtu usiyemjua. Lakini umeokoa mchana mzima, na jua likichomoza uko kivuko cha Likoni, ambako mtembea kwa miguu halipi kitu. Kutoka hapo unapanda matatu ya Lunga Lunga, unapita Ukunda, Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi, unashuka Kanana, na bodaboda inamaliza kilomita kama 14 zilizobaki. Mwenye gari lake anaweza kukiacha kivuko na kupita barabara ya Dongo Kundu.

Watalii wengi huiona Wasini kwa namna moja. Gari huwachukua hotelini Diani asubuhi, jahazi huwapeleka kuogelea kwenye matumbawe ya Kisite, na mwendo wa saa saba au saa nane mchana hushushwa kisiwani kula kaa na wali wa nazi, pamoja na mwani wa kukaanga kama mwenye mkahawa ni mkarimu. Wakishashiba hutembezwa kidogo, na kufikia saa kumi wamerudi Shimoni. Safari hiyo si mbaya, na kaa wa Wasini ni mtamu kweli. Lakini saa walizofika ndizo saa ambazo kisiwa hakipo. Jua ni kali, watoto wako shuleni, wavuvi waliokesha wamelala, wanawake wako ndani. Anayewapokea ni mkahawa.

Sasa kaa pale mpaka boti hizo ziondoke. Alasiri ikipoa, milango hufunguliwa. Wazee hutoka na mikeka, vijana hukalia kuta za mawe wakirekebisha nyavu na madema, watoto hupita wakikimbilia chuoni na misahafu yao. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni za mawe ya matumbawe, za udongo na za makuti, zikiwa zimechanganyika na zile mpya za matofali. Utasikia Kivumba, lahaja ya watu wa Wasini na Vanga, na ukiwa umezoea Kiswahili chetu cha Thika, kilichokwisha kuoana na Kikuyu na Sheng, utaomba mara mbili tatu kurudiwa. Hakuna atakayekucheka. Utaulizwa unatoka wapi, na ukisema Thika, mtu atakumbuka mananasi.

Watu hawa wana historia ndefu kuliko kitu chochote kilichosimama Makongeni. Wavumba walikuwa na watawala walioitwa madiwani. Makao yao ya kale yalikuwa Vumba Kuu, bara, upande wa Vanga, kabla nguvu hazijahamia Wasini na Vanga kwenyewe, na miongoni mwa alama za enzi yao zilikuwa baragumu la siwa na ngoma. Mwingereza A. C. Hollis alichapisha habari zao mwaka 1900. Wakati huo Thika ilikuwa bado si mji. Hoteli ya Blue Posts, ambayo kwetu ndiyo mfano wa kitu cha kale, ilifunguliwa mwaka 1908.

Kitakachomshughulisha zaidi mtu wa Thika, hata hivyo, ni maji. Sisi tumezaliwa kwenye mito. Chania na Thika zinaporomoka mjini kwetu, na bwawa la Ndakaini lililomalizika mwaka 1994, juu kidogo ya tulipo, ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi. (Mfereji wa Makongeni nao una siku zake, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Wasini imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu tele. Mvua ikinyesha huzama, na chini inakutana na chumvi. Kwa vizazi vingi wenyeji wameishi kwa kukinga mvua kutoka kwenye mapaa na kuihifadhi mabirikani, na kiangazi kikikaza, kwa kuleta madumu kutoka Shimoni kwa mashua. Kwa hiyo ukipewa ndoo moja ya kuogea, hiyo ni heshima kubwa. Mgeni anayejimwagia asubuhi, mchana akitoka baharini na usiku kabla ya kulala anaoga maji ambayo huenda mtu mwingine aliyavusha bahari.

Nyuma ya kijiji kuna mahali ambapo, kama ningeamuriwa kukionyesha kisiwa hiki kwa saa moja tu, ningekwenda hapo na kuacha mengine yote. Ni bustani ya matumbawe yaliyokufa. Miamba ya kijivu, mingine ikimzidi mtu kimo, imesimama juu ya mchanga na matope pamoja na mikoko, imeliwa na maji chini ikabaki na shingo nyembamba na kichwa kipana. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa mita kadhaa juu ya ilivyo leo, na mwamba wa pwani yote ya Kenya, huu ambao juu yake zimejengwa Mombasa na Malindi, ulikuwa matumbawe hai yenye samaki. Bahari iliposhuka yalibaki nje, yakawa jiwe. Kikundi cha wanawake wa Wasini ndicho kinachosimamia mahali hapa. Wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya matope na katikati ya mikoko, mgeni hulipa kiingilio, na mapato husaidia mambo kama karo na matibabu. Katika fedha zote utakazotumia safarini, sijui nyingine inayomfikia mwenye kisiwa kwa njia fupi kama hiyo.

Bustani hiyo ina sura mbili, na ya kuiona unaichagua kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika karibu mita 4. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na bahari hupanda na kushuka kwa uvivu. Kwenye pwani hii, siku za bamvua maji hupwa mwendo wa saa nne na kujaa mwendo wa saa kumi, mchana na usiku. Hesabu hiyo ni rahisi na ina faida kubwa. Aliyelala Wasini siku ya bamvua ataamka, saa nne atatembea juu ya mwamba uliokauka na kuwaona wanawake wakichokora pweza kwenye matundu, na saa kumi atasimama juu ya njia ya mbao akitazama bahari ikiingia kimyakimya mpaka ile miamba ibaki vichwa. Wa Diani saa hiyo yuko ndani ya gari.

Kisite nayo ni lazima, ila kwa siku yake. Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti ilianzishwa miaka ya 1970. Eneo la Kisite lina kilomita 28 za mraba, na humo hakuvuliwi kabisa. Lile la Mpunguti lina kilomita 11, na uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mgeni hufurahia samaki wengi wa rangi bila kujiuliza kwa nini wako wengi. Wako wengi kwa sababu mababa wa hawa manahodha walizuiwa kuvua mahali walipovua siku zote, na malalamiko yao hayajaisha hadi leo, ingawa watoto wao ndio wanaokupeleka kwa boti. Ukiwa ndani ya maji na miwani na bomba la kupumulia, utaona pia sehemu zilizo kifusi. Mwaka 1998 joto la bahari, lililoletwa na El Niño, liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na hayakui haraka. Usiyakanyage. Boti ikikuta pomboo, ambao hukaa maji haya mwaka mzima, nahodha mzuri hupunguza mwendo na kuwaacha waje wenyewe, wala hawakatizi njia. Ukimwona anawafukuza ili upate video, mwambie aache. Wewe ndiye unayelipa.

Na wa Agosti je? Agosti ina zawadi yake, na ni kubwa. Kuanzia Julai hadi karibu Oktoba nyangumi wenye nundu hufika pwani ya Afrika Mashariki kutoka bahari ya barafu ya kusini, wakija kuzaa katika maji ya uvuguvugu. Mkubwa wao ana mita kama 14 na uzito wa tani zaidi ya 25, na baadhi huonekana nje ya Kisite na Watamu. Yaani mwezi ambao maji ni mabovu kwa kutazama chini ndio mwezi mzuri wa kutazama juu. Mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini umekingwa na kisiwa, kwa hiyo kuvuka si tabu hata kusi ikivuma. Tabu huanza ukiupita upande wa pili. Mtoto asiyezoea atatapika, na huenda mwekahazina akamfuata. Hapo ndipo chama chetu hubishana na manahodha, kwa sababu pesa zimekwisha kuchangwa na siku ni moja. Nahodha mmoja mzee alinimaliza kwa sentensi moja. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, nikamsihi tutoke, kwamba tutaongeza kitu kidogo. "Mwanangu," akasema, "bei tutapatana. Upepo hatupatani." Hatukutoka. Siku ya pili kulikuwa shwari kiasi, tukaenda. Mwenye siku moja tu hana siku ya pili, na hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kulala kisiwani.

Kabla ya kuvuka au wakati wa kurudi, simama Shimoni. Mapango yaliyoupa mji jina husimamiwa na wenyeji, na kiongozi atakueleza yalivyotumika kama maficho wakati wa mashambulizi na, kama simulizi za hapa zinavyokumbuka, kuwafungia watu waliongoja kusafirishwa utumwani. Minyororo iliyobaki ukutani haihitaji maelezo marefu, na watoto wadogo ni vyema waandaliwe kwanza. Hapa hapa Shimoni ndipo Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliweka makao katika siku zake za mwanzo, kabla reli haijaanza kujengwa.

Sasa neno kwa wenzangu wa Makongeni, na najua sitapendwa. Spika ile kubwa ya muziki ibaki Diani. Wasini ni mji wa Waislamu, mdogo, wenye misikiti, na sauti yoyote huko hufika kila nyumba. Pombe haiuzwi kijijini, nawe usiivushe kwenye mkoba. Suruali fupi na nguo ya kuogelea ni vya boti na ufukweni. Ukiingia vichochoroni, leso hufunika yote na haigharimu kitu. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mwamkie kila mtu mzima, kwanza wewe. Tumezoea kwenda pwani kana kwamba ni ukumbi uliokodishwa, na watu wa pwani, kwa adabu yao, huvumilia wakanyamaza. Kunyamaza kwao tumekuwa tukikuchukua kuwa ridhaa.

Malazi yapo, Wasini kwenyewe na Mkwiro upande wa mashariki wa kisiwa, katika nyumba ndogo za wageni na za wenyeji. Si ya kifahari. Chandarua, feni ikiwa umeme upo, choo safi. Chakula lazima ukiagize asubuhi, kwa sababu samaki wa jioni bado yuko baharini. Ukitaka kaa, sema jana yake. Kifungua kinywa cha mahamri na mbaazi za nazi hakina mshindani kokote kwenye Barabara ya Garissa. Kwa kuvukia, uliza boti wanayopanda wenyeji na uwe na subira mpaka ijae. Atakayekukimbilia gatini akitaka kukukodisha boti nzima hakosei, anatafuta riziki, ila hulazimiki. Mwaka 2020 korona ilipofunga usafiri, boti hizi zilikaa bila mgeni, na kila mtu hapa anakumbuka jinsi ilivyokuwa kurudi kutegemea dema peke yake.

Imebaki Oktoba. Kusi imekufa, kaskazi haijaingia, mvua za vuli bado hazijakolea. Bahari ni ya maleleji, maji yanaanza kuwa maangavu, na mwanzoni mwa mwezi huenda nyangumi wa mwisho bado wapo. Shule ziko wazi kwa sehemu kubwa ya mwezi, kwa hiyo vyumba vinapatikana na bei inajadilika. Na serikali imetupa sikukuu mbili ndani ya mwezi huo mmoja: Mazingira tarehe 10 na Mashujaa tarehe 20. Wenye watoto wa shule, Disemba inafaa kwa bahari, ingawa pwani hujaa na treni hazipatikani; Pasaka ikiangukia Machi ni bora zaidi, joto ni kali lakini maji ni kama kioo. Agosti iwe ya anayetaka nyangumi na asiyeogopa kurushwarushwa.

Kwa hiyo, kabla chama chako hakijaanza kuchanga, fungua kalenda mbili: ya sikukuu na ya mwezi wa angani. Tafuta pale ambapo Mazingira au Mashujaa imesogea karibu na wikendi, uone kama mwezi mpevu au mwandamo uko jirani. Ukipata siku, piga simu Wasini uulize chumba cha usiku mbili au zaidi. Halafu kata tiketi ya treni mapema, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, maana ya kurudi ndiyo huisha kwanza.